Namna ya Kukusanya Maoni ya Mtaa Kuhusu Polisi, Uhalifu na Kodi ya Magari

Kikundi cha wananchi, kamati ya ulinzi ya mtaa au mwanafunzi wa chuo anaweza kutaka kujua wakazi wanawaonaje polisi, wanaogopa uhalifu wa namna gani na wanazichukuliaje kodi za vyombo vya moto. Mara nyingi kazi hiyo huanza kwa maswali matatu mapana na kuishia kwenye asilimia ambazo hakuna anayejua azifanyie nini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya vizuri zaidi katika mtaa wa Tanzania, na unachota funzo moja kubwa kutoka Kenya.

Mambo hayo matatu yanafaa kuulizwa pamoja kwa sababu katika maisha ya watu hayajatengana. Kwa mwenye gari, bajaji au bodaboda, askari anayemfahamu zaidi ni trafiki, si mpelelezi wa kituoni. Ukimuuliza anawaonaje polisi, atajibu huku akiikumbuka faini ya juzi. Ukimuuliza kuhusu kodi ya gari, atachanganya humo faini hiyo hiyo, bima, ada ya maegesho na stika ya Nenda kwa Usalama. Kwa hiyo kanuni inayobeba kazi nzima ni hii: muulize mtu kwanza yaliyompata, kisha ndipo umuulize anachofikiri. Aliyepatwa na jambo hulisimulia kwa uhakika, lakini aliyeombwa maoni ya jumla hutafuta jibu ambalo anadhani wewe unalitaka.

Kibali, na nani apige hodi

Anza kwa barua kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata, ukieleza nani anafanya kazi hiyo, kwa nini, na matokeo yatapelekwa wapi. Utafiti wa kitaaluma unahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Kwa Kenya, kazi hiyo ni ya NACOSTI. Isomeni pia Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Marekebisho yake ya 2018 yaliwatia watafiti hofu kwa kumwekea adhabu anayetangaza takwimu zinazokinzana na za serikali, na marekebisho ya 2019 yakaiondoa adhabu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa moja kwa moja, kwa kuwa mtakuwa mnashika habari ambazo zikivuja zinaweza kumponza mtu.

Ukishapata kibali, usikubali kusindikizwa na mwenyekiti, balozi wa nyumba kumi wala mgambo mlango kwa mlango. Viongozi hufanya hivyo kwa nia njema, ili wageni wasitiliwe shaka, lakini mama aliyeibiwa na kijana anayelindwa na jamaa wa kiongozi hatasema lolote mbele ya kiongozi huyo. Njia nzuri ni kutangaza siku chache kabla, msikitini, kanisani na kwenye vijiwe, kwamba vijana fulani wenye vitambulisho watapita, halafu wahojaji waende peke yao, wawili wawili. Mhojaji asiwe askari, ndugu wa askari wa kituo hicho, wala mkusanya ushuru. Mwanamke ahojiwe na mwanamke kila inapowezekana.

Nani ahojiwe

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuwahoji watu waliopo kijiweni. Kijiwe cha bodaboda kitakupa hasira za bodaboda, na foleni ya zahanati itakupa maoni ya kina mama wenye watoto wadogo. Makundi yote mawili ni ya kweli, ila hakuna hata moja lililo mtaa mzima.

Chukua orodha ya kaya kwa mtendaji, uihakiki kwa kutembea, maana vyumba vya kupanga vya uani mara nyingi havimo. Tuseme mtaa una kaya 900 na mna uwezo wa kuhoji 150. Gawanya 900 kwa 150, upate 6. Andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, uokote kimoja. Ikitoka 4, anza na kaya ya nne, kisha ya kumi, ya kumi na sita, na kuendelea. Ndani ya kaya usimhoji aliyefungua mlango. Uliza nani mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye siku yake ya kuzaliwa inafuata karibuni, na huyo ndiye utakayemhoji, hata kama itabidi urudi jioni. Kurudi huko ndiko kunakochosha, na ndiko pia kunakofanya kazi iaminike, kwa sababu dereva, fundi na mama ntilie hawapo nyumbani saa 4 asubuhi. Ukiwakosa wao, umewakosa hasa wanaosimamishwa barabarani na wanaorudi usiku.

Kwa watu 150 waliochaguliwa hivyo, asilimia utakayoipata inaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa takriban 8. Kwa watu 400 pengo hilo hushuka hadi 5 hivi. Afrobarometer, ambayo imekuwa ikihoji Waafrika kuhusu serikali na taasisi zao tangu 1999, hutumia watu 2,400 katika nchi kama Tanzania na Kenya ili pengo liwe takriban 2. Mtaa hauhitaji watu wengi hivyo. Unachohitaji ni kutotangaza kwamba asilimia 52 ni wengi na 48 ni wachache wakati waliohojiwa ni 150.

Maswali ya uhalifu na polisi

Hapa pana utajiri, na hapa ndipo maswali mabaya hujificha. Swali kama “Je, polisi wanafanya kazi vizuri na kwa uadilifu?” ni maswali mawili ndani ya moja, na anayejibu “ndiyo” hujui amekubali lipi. Swali linaloanza kwa “Kwa kuwa uhalifu umeongezeka” limeshamjibia mtu. Hata “Je, unaliamini Jeshi la Polisi?” ni pana mno kwa kazi ya mtaa, maana mtu anaweza kumheshimu sana polisi kata wake, asimwamini trafiki wa njia panda, na asiwe na habari yoyote na makao makuu.

Ninalipenda kuliko yote swali hili: “Ukiibiwa leo saa 8 usiku, utamwambia nani kwanza?” Acha mtu ajibu mwenyewe, kisha uweke alama: jirani, balozi, mwenyekiti, ulinzi shirikishi, polisi, mganga, au hakuna. Jibu moja hilo hueleza imani ilipo kuliko kurasa mbili za kukubali na kutokubali. Pale penye sungusungu, utaratibu wa wananchi kujilinda wenyewe uliochipuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipochoshwa na wizi wa mifugo na unyang'anyi, msishangae polisi wakitajwa nafasi ya tatu au ya nne. Si lazima hiyo iwe chuki. Huenda kituo kiko mbali na usafiri wa usiku haupo, na mkiuliza sababu mtaambiwa.

Kisha ingia kwenye matukio. Taja kila aina ya uhalifu peke yake: kuvunjiwa nyumba, kuporwa simu au mkoba, kuibiwa pikipiki au vifaa vya gari, kuibiwa kuku na mifugo, kupigwa, kutapeliwa kwa simu. Ukiuliza “Je, umewahi kufanyiwa uhalifu?” wengi watakataa, kwa sababu kibaka aliyekwapua simu dirishani au ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hawauhesabu kama uhalifu wa kupeleka popote. Weka mpaka wa muda, na uufunge kwenye jambo wanalolikumbuka. Badala ya “katika miezi kumi na miwili iliyopita”, sema “tangu Ramadhani ya mwaka jana” au “tangu Sabasaba ya mwaka jana”, kwa kuwa watu huvuta tukio kubwa la zamani na kuliweka karibu. Saa ziandikwe kwa Kiswahili kwenye dodoso. Mhojaji aliyechoka akisoma 20:00 atasema saa 8, na jibu lote litaharibika.

Aliyesema amepatwa, muulize alitoa taarifa wapi. Kama hakuitoa, uliza kwa nini na uandike maneno yake yalivyo. Kama aliifikisha kituoni, fuata njia aliyopita hatua kwa hatua: alisubiri muda gani kabla ya kusikilizwa; alipewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni, au aliambiwa arudi kesho; kama aliumizwa, alipewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku ile ile; aliombwa fedha ya karatasi au ya mafuta ya gari la kumfuata mtuhumiwa; kuna aliyempigia baadaye kumweleza kesi imefikia wapi. Maswali haya madogo ndiyo yatakayowapa cha kuzungumza na mkuu wa kituo. Akisikia asilimia fulani hawaliamini jeshi, atakasirika au atanyamaza, lakini akisikia kwamba walalamikaji wengi hawakuwahi kuelezwa kesi zao zimefikia wapi, lipo jambo analoweza kulirekebisha wiki hiyo hiyo, bila kusubiri bajeti.

Ukatili wa nyumbani uacheni nje ya dodoso hili, isipokuwa kama wahojaji wamefunzwa na mmekwishazungumza na Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chenu. Swali hilo likisikika kupitia pazia linaweza kumletea mtu kipigo usiku ule ule.

Hofu ni jambo lingine, tofauti na uhalifu wenyewe, na lipewe maswali yake. Mwanzoni mwa Januari 2015, habari za Panya Road, makundi ya vijana waporaji, zilipoenea Dar es Salaam kwa simu na kwa mdomo, taharuki ilifika hata kwenye mitaa ambayo hakuna kundi lililopita, maduka yakafungwa na watu wakakimbilia majumbani. Ungeuliza siku zile, hofu ingekuwa kubwa mahali ambapo matukio ni machache. Basi uliza hofu kwa matendo: “Kuna njia ya hapa mtaani ambayo huipiti baada ya saa 2 usiku? Ni ipi?” Majibu ya swali hili yachorwe kwenye ramani ya mkono. Mkikuta njia moja imetajwa na watu thelathini, yenye taa iliyokufa na pagale pembeni, mmepata kazi ya kufanya.

Maswali ya kodi ya magari

Ukimuuliza mkazi wa Tanzania leo kama analipa kodi ya gari, wengi watasema hawalipi, na wasio na gari watashangaa kuulizwa. Majibu yote mawili yanapotosha. Hadi katikati ya 2017 kila mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari ya mwaka, ambayo watu waliiita road licence, na madeni yake yalirundikana hata kwa magari yaliyokufa uani. Bajeti ya 2017/18, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Philip Mpango, iliifuta ada hiyo na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa shilingi 40 kwa kila lita. Kodi ikahama kutoka kwenye kadi ya gari ikaingia kwenye pampu.

Mtu hawezi kutoa maoni ya maana juu ya kodi asiyoiona, hivyo dodoso limwonyeshe kwanza. Mfano ninaoupendekeza ni wa bodaboda anayechoma lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 1,200, na nyongeza ya shilingi 40 peke yake inafika shilingi 48,000. Msomee mhojiwa hesabu hiyo polepole, kisha umuulize: ni heri kulipa mara moja kwa mwaka kwa kila chombo, au kulipa kidogo kidogo kwenye mafuta? Msiishie hapo. Ulizeni nani anaumia zaidi kwa kila njia. Mwenye gari linalolala uani atafurahia pampu. Dereva wa daladala na mwenye mashine ya kusaga ya dizeli watalalamika, na yule aliyekuwa akikwepa ada ya mwaka sasa hawezi kukwepa. Mkipata sababu hizo mmepata maoni. Asilimia ya “ndiyo” peke yake haina kitu ndani.

Faini ziwe na sehemu yake, mbali na kodi. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, kwa hoja kwamba kiwango cha awali hakilingani na kipato cha vyombo hivyo. Muulize dereva: ulipoandikiwa mara ya mwisho, kosa lilikuwa nini, ulilielewa, na ulilipa kwa control namba, yaani namba ya malipo ya serikali, au mlimalizana pale pale? Neno “mlimalizana” linatosha. Kila dereva analielewa, na halimlazimishi kukiri kwa jina la kosa la jinai.

Funzo la Kenya

Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000 za Kenya, ikusanywe na kampuni za bima wakati wa kukata bima. Piga hesabu uone kilichomo. Gari la shilingi 800,000 lingelipa 20,000. Gari lolote lililo chini ya 200,000 lingelipa 5,000 ile ile, kwa hiyo kadiri lilivyo chakavu ndivyo lingekatwa sehemu kubwa zaidi ya thamani yake, na gari la milioni 4 lingelipa sawasawa na la milioni 20. Mtu angeweza kuipinga kodi hiyo kwa kuwa ni kubwa, au kwa kuwa inawapendelea matajiri, au kwa kuwa analipa tayari tozo ya barabara kwenye mafuta. Anayeuliza “Unaunga mkono au unapinga?” huwachanganya wote hao katika fungu moja.

Tarehe 18 Juni 2024 kodi hiyo iliondolewa kwenye muswada. Maandamano hayakukoma. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni jijini Nairobi, polisi walifyatua risasi na watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada wote. Tangu siku hizo, kwa Wakenya wengi suala la kodi na suala la polisi yamekuwa kidonda kimoja. Anayefanya kazi hii Kenya lazima ajue kwamba akianza na polisi, majibu ya kodi yatakuwa makali zaidi, na akianza na kodi, polisi watahukumiwa kwa macho hayo. Dawa yake ni rahisi na inafaa hata Tanzania: chapisha madodoso ya aina mbili, nusu yakianza na polisi na nusu yakianza na kodi, uyagawe kwa zamu, kisha ulinganishe. Majibu yakitofautiana sana, sema hivyo kwenye ripoti.

Swali la rushwa

Mtu hataki kumwambia mgeni kwamba alitoa kitu kidogo, maana sheria humbana mtoaji pia. Watafiti wakubwa hutumia orodha: kundi moja husomewa mambo manne ya kawaida na kuulizwa ni mangapi yamewapata, kundi jingine husomewa yale yale pamoja na la tano la kumpa askari fedha, na tofauti ya wastani wa makundi hayo ndiyo kadirio la waliotoa. Ni njia nzuri, lakini kwa watu 150 tofauti hiyo huyumba kiasi cha kutofaa. Kwenu ninyi linafaa sanduku. Mpe mhojiwa kikaratasi kisicho na jina wala namba, chenye alama ya tiki kwa aliyetoa na ya mkasi kwa asiyetoa, geuka pembeni, aweke alama na akitumbukize mwenyewe katika sanduku lililofungwa ambalo tayari lina vikaratasi vingine. Mkubali kwamba hamtajua nani alisema nini, na hata mkitaka kujua msiweze.

Kufunga mahojiano na kurudisha matokeo

Kabla ya kuanza, jaribu dodoso kwa watu kumi wa mtaa wa jirani, na baada ya kila swali uwaulize wameelewa nini. Utashangazwa na yale uliyodhani ni mepesi. Mahojiano yasizidi nusu saa. Swali la mwisho kabisa liwe lile ambalo Afrobarometer huliuliza pia: “Unadhani nani ametutuma?” Wengine watasema serikali, wengine chama, wengine polisi. Yatenge majibu ya waliodhani mmetumwa na polisi, na kama wao ndio wanaowasifia polisi kuliko wengine wote, hofu imeingia ndani ya takwimu zenu na msiifiche.

Majina na anwani zikae kwenye daftari tofauti na madodoso, na daftari hilo lichomwe mara ukaguzi unapokwisha. Usichapishe jibu la kundi lenye watu wachache hata wakaweza kutambulikana, kama “wanawake wenye bajaji” katika mtaa wenye wawili tu.

Mpelekeeni mkuu wa kituo na mwenyekiti nakala ya matokeo siku chache kabla ya kuyatangaza, ili wajiandae kujibu. Hawana haki ya kuyabadilisha, lakini wana haki ya kutoaibishwa kwa ghafla. Kisha yasomwe kwenye mkutano mkuu wa wakazi wa mtaa, kwa idadi za watu badala ya asilimia. “Kati ya watu 38 walioibiwa, 11 walikwenda polisi, na 3 walipigiwa simu baadaye” ni sentensi ambayo mzee asiyejua kusoma ataibeba hadi nyumbani ilivyo. (Namba hizo ni za mfano tu.) Majibu ya kodi yapelekeni kwa mbunge na kwa kamati ya Bunge inayopokea maoni ya wadau wakati wa bajeti, kabla Juni haijaisha, kwa sababu Julai Mosi sheria mpya ya fedha inakuwa imeshaanza kazi.

Mkirudia kazi hii baada ya mwaka, rudieni mwezi ule ule na kwa maneno yale yale, hata kama mmegundua swali moja lingeandikwa vizuri zaidi. Swali jipya liongezwe mwishoni, la zamani libaki mahali pake. Vinginevyo hamtajua kama watu ndio waliobadilika au ni dodoso.